Terminali na git kwa anayeanza: tafuta folda ya kuharibu

Wengi wanaoanza git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili yako, wanaanzia pabaya. Mtu anachukua project yake yenyewe, ile anayoitegemea, anakopi komandi sita mahali anapesti, ikigoma anapesti zingine, mwisho anafuta folda nzima anaanza upya na tangu siku hiyo anaiogopa terminali (dirisha la kuandikia komandi) kama mtu aliyeumwa nayo. We usifanye hivyo. Tengeneza folda ya uongo isiyo na kitu chochote cha maana, afu humo ndani haribu makusudi, ukishajua kurudisha ulichoharibu ndo uende kwenye kazi yako halisi.

Kwanza terminali. Kwenye Mac na Linux ipo tayari, kwenye Windows shusha Git for Windows, inakuja na kitu kinaitwa Git Bash, fungua hiyo badala ya ile ya kawaida ili komandi zote hapa chini zifanane. Utaona mstari unaoishia na alama ya $ au % unasubiri uandike. Hiyo alama si yako kuiandika, nasema hivi maana maelekezo mengi yanaandika `$ ls` na mtu anaipesti yote na ile $ yake, afu anashangaa kwa nini inakataa.

```
pwd
mkdir mazoezi
cd mazoezi
ls
```

`pwd` inakwambia upo folda gani, `mkdir` inatengeneza folda, `cd` inakuingiza, `ls` inakuonyesha kilichomo. Hapo `ls` haitaonyesha kitu kwa sababu folda ni tupu. Na hili lizoee mapema, terminali ikinyamaza maana yake imekubali, haina habari ya kukupongeza, ikiongea sana ndo usome. Kurudi folda ya nyuma ni `cd ..`, ukipotea kabisa andika `cd` peke yake inakurudisha nyumbani kwako.

Tabia mbili zitakazokuokolea muda kuliko kukariri komandi mia: bonyeza Tab ukiwa umeandika herufi chache za jina la faili, yenyewe inamalizia, ikigoma kumalizia jua huenda umekosea spelling au haupo folda unayodhani upo. Na mshale wa juu unarudisha komandi iliyopita. Kitu kikiganda, Ctrl na C pamoja. Majina ya folda usiweke nafasi katikati, andika `kazi-yangu`, kwa sababu terminali inahesabu nafasi kama mwisho wa neno na utaanza kuhangaika na alama za kunukuu bila sababu.

`rm` inafuta na hamna kapu la takataka, ikienda imeenda. Ndo maana tupo kwenye folda ya uongo.

Sasa git. Aliianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 ili watu wanaotengeneza kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux wawe na pa kutunzia mabadiliko yao, na si kitu kimoja na GitHub. Git inakaa kwenye kompyuta yako na inafanya kazi hata intaneti ikikatika, GitHub ni tovuti tu ya kupandishia. Kwa mazoezi haya huihitaji kabisa, na mi naona ni vizuri usiiguse mpaka umalize.

```
git --version
git config --global user.name "Jina Lako"
git config --global user.email "barua@pepe.yako"
git config --global init.defaultBranch main
```

Toleo likiwa chini ya 2.28 weka jipya, kwa sababu huo mstari wa mwisho hautafanya kitu, na ukiwa nyuma zaidi ya 2.23 hata `git switch` na `git restore` hutazikuta. Jina na email weka, bila hivyo mara nyingi git itakataa kukomiti (kuhifadhi mabadiliko kwenye historia yake) na kukwambia `Please tell me who you are`. Ila hiyo email inaandikwa ndani ya kila komiti, siku ukiiweka kazi yako hadharani kila mtu ataiona, kwa hiyo chagua ambayo haikusumbui.

```
git init
ls -a
```

`git init` inaanzisha git kwenye folda uliyopo, na utaona folda iliyofichwa inaitwa `.git`. Historia yako yote inakaa humo, ukiifuta hiyo mafaili yako yanabaki ila historia inakwisha. Na hakikisha kwa `pwd` kwamba upo ndani ya mazoezi kabla ya `git init`, maana wapo wanaoiandika wakiwa folda ya nyumbani afu git inaanza kutaka kufuatilia mapicha, miziki na kila kitu.

Sasa tengeneza faili:

```
echo "Nitakuja Jumatatu" > barua.txt
git status
```

`git status` ndo komandi utakayoandika kuliko zote. Iandike baada ya kila hatua, nasema kila hatua, hata kama unajua itasema nini, na usome inachosema kwa sababu mara nyingi inakuandikia na komandi inayofuata. Hapa itakwambia `Untracked files`, yaani faili inaliona ila haijaanza kulifuatilia.

```
git add barua.txt
echo "Nisubiri" >> barua.txt
git status
```

Alama ya > moja inafuta kilichomo na kuandika upya, mbili zinaongezea chini. Soma hiyo status taratibu, faili moja limetokea sehemu mbili! Juu kwenye `Changes to be committed`, chini kwenye `Changes not staged for commit`. Hapa ndo wengi wanapopotea na wanaendelea kupotea miaka. `git add` haimaanishi "lifuatilie faili hili kuanzia leo", inamaanisha "lichukue lilivyo sasa hivi uliweke kwenye steji, mahali pa kusubiria komiti". Ule mstari wa Nisubiri uliongeza baadaye, kwa hiyo kwenye steji haupo. Hakikisha mwenyewe: `git diff` inaonyesha ambacho hakijapanda steji, `git diff --staged` inaonyesha kilichopanda. Usiende mbele mpaka uone tofauti ya hizo mbili kwa macho yako.

```
git commit -m "Andika barua"
git status
```

Umekomiti mstari wa kwanza tu, wa pili bado unaning'inia. Fanya `git add barua.txt` tena, komiti tena na ujumbe mwingine. Ujumbe uandike umefanya nini, "mabadiliko" au "asdf" haimsaidii mtu, hata wewe mwenyewe mwezi ujao.

Ukisahau `-m` itafunguka skrini ya ajabu ambayo ukiandika haiandiki na ukitaka kutoka haikuachii, hiyo kwa kawaida ni Vim. Bonyeza Esc, andika `:q!` afu enta, komiti itaahirishwa na hamna kilichoharibika. Vilevile `git log` ikiwa ndefu inakaa tu inakusubiri, bonyeza q. Mi napendelea `git log --oneline`, kila komiti mstari mmoja, mwanzoni ina herufi na namba chache, hizo ni kipande cha jina la komiti ambalo zima lake kwa kawaida lina herufi 40.

Haya, uharibifu.

```
rm barua.txt
git status
git restore barua.txt
cat barua.txt
```

Limerudi (`cat` inaonyesha kilichoandikwa ndani ya faili). Sasa andika `echo "takataka" > barua.txt`, angalia `git diff`, mistari yenye alama ya kutoa ndo iliyoondoka na yenye kujumlisha ndo iliyoingia, afu `git restore barua.txt` tena. Ila elewa, hiyo takataka uliyoitupa haitarudi kwa sababu hukuikomiti. Git inarudisha ulichoipa, ambacho hukuipa haikijui. Ukipandisha kitu steji kwa bahati mbaya, `git restore --staged barua.txt` inakishusha bila kugusa ulichoandika.

Matawi sasa, yaani njia mbili za kazi moja zinazokwenda kila moja kivyake, na hapa tunatafuta ugomvi makusudi.

```
git switch -c jaribio
echo "Nitakuja Jumanne" > barua.txt
git commit -am "Hamishia Jumanne"
git switch main
cat barua.txt
```

Umerudi main na barua inasema Jumatatu, Jumanne ipo kwenye tawi lake. (Hiyo `-am` inapandisha steji na kukomiti kwa pamoja, ila kwa mafaili ambayo git tayari inayafuatilia tu, mapya haiyachukui.) Endelea:

```
echo "Nitakuja Alhamisi" > barua.txt
git commit -am "Hamishia Alhamisi"
git merge jaribio
```

`git merge` inaunganisha tawi la jaribio na ulipo, na hapa itapiga kelele `CONFLICT`. Usifunge terminali. Andika `cat barua.txt`:

```
<<<<<<< HEAD
Nitakuja Alhamisi
=======
Nitakuja Jumanne
>>>>>>> jaribio
```

Juu ni ulipo wewe, chini ni tawi linaloingia, git haijui unakuja lini kwa hiyo inakuuliza. Fungua faili kwa editor yoyote, bakisha mstari unaoutaka, futa mingine pamoja na hizo alama zote, hifadhi, afu `git add barua.txt` na `git commit -m "Unganisha jaribio"`. Ukiona umevurugikiwa katikati, `git merge --abort` inakurudisha kabla ya ugomvi. Rudia hili zoezi mpaka neno CONFLICT lisikupandishe presha, maana kazini utakutana nalo sana.

La mwisho ni lile linaloogopwa zaidi:

```
git reset --hard HEAD~1
git log --oneline
git reflog
```

Hiyo `reset` imekurudisha komiti moja nyuma, kwa hiyo komiti ya mwisho imepotea kwenye log. Lakini reflog inaandika kila mahali ulipopita, itafute humo ile ya Unganisha jaribio, chukua namba yake ya mwanzo wa mstari na andika `git reset --hard` ikifuatiwa na hiyo namba. Imerudi yote. Kwa mpangilio wa kawaida komiti iliyopotea hivi inakaa siku 30 kabla haijaanza kusafishwa. Ila kama ulikuwa na mabadiliko hujayakomiti wakati unapiga `--hard`, hayo reflog haiyajui.

Ukienda kwenye project halisi, punguza `git add .` ya kujizoelea, ile nukta inabeba kila kitu mpaka faili lenye paswedi zako. Tengeneza faili linaitwa `.gitignore`, andika humo majina ya yasiyotakiwa, na ulifanye kabla ya komiti ya kwanza, kwa sababu paswedi ikishakomitiwa hata ukiifuta kwenye faili bado imo kwenye historia, hapo dawa ni kubadilisha paswedi yenyewe.

Ukimaliza `cd ..` afu `rm -rf mazoezi`, ukiwa na `-r` peke yake itakuuliza ruhusa kwa kila faili lililofungwa ndani ya `.git` mpaka vidole viume. Soma jina la folda mara mbili kabla ya enta, afu `mkdir mazoezi` tena na ufanye yote bila kuangalia hapa.