Kabla Hujaingia Kituoni: Maandalizi ya Mwanafunzi wa Infomatiki ya Afya

Wanafunzi wengi wa infomatiki ya afya, yaani fani ya kutumia kompyuta kusimamia taarifa za afya, huenda kwenye mafunzo kwa vitendo wakiwa wamejiandaa kwa kompyuta tu. Wanajua kuandika programu na kutengeneza tovuti, na wengine wanaijua hifadhidata vizuri kabisa. Kisha wanakabidhiwa rejesta ya wagonjwa wa nje na kuulizwa kwa nini idadi ya wagonjwa wa malaria haiwiani na ya maabara, na hapo ndipo wanapokwama. Kompyuta haina kosa lolote hapo. Hawajafundishwa tu taarifa ya mgonjwa inaanzia wapi, inapita mikononi mwa nani, na inapotea njia ipi. Hayo yanaweza kujifunzwa mapema, ukiwa bado chuoni na una nafasi ya kuuliza bila kumchelewesha mgonjwa yeyote.

Anza na karatasi. Kwa Tanzania maana yake ni MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 12 cha wodi ya wazazi. Mgonjwa mmoja, mstari mmoja. Mistari inahesabiwa kwenye karatasi ya tali, tali inakuwa ripoti ya mwezi, na ripoti inaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa programu huria wa kukusanya takwimu za afya unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011. Omba kurasa tupu za rejesta, uzijaze kwa mkono kwa wagonjwa thelathini wa kubuni huku mwenzako akikuhesabia muda. Ukifika mgonjwa wa kumi na mbili utakuwa umeshaanza kuruka safu. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku anaziruka kwa sababu hiyo hiyo, na mfumo utakaoubuni bila kulijua hilo utamwongezea mzigo tu.

Rudi sasa kwenye malaria, maana mfano huu unafundisha mengi. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, malaria ya falsiparamu (inayoletwa na kimelea cha Plasmodium falciparum) ni B50, na malaria isiyobainishwa aina yake ni B54. Tabibu mwenye haraka huchagua ile inayotokea juu kwenye skrini. Kwa upande mwingine, mjamzito hupimwa malaria kliniki na kuandikwa kwenye kitabu cha wajawazito, aliyelazwa hupimwa akiwa wodini, na mwingine hupimwa kwa kipimo cha haraka chumbani kwa tabibu, sampuli isifike maabara hata siku moja. Kwa hiyo namba mbili zinaweza kutofautiana na zote zikawa za kweli, kwa kuwa kila moja imehesabu watu wake. Kabla hujaripoti kwamba takwimu ni mbovu, jizoeze kuuliza: hapa amehesabiwa nani, na nani ameachwa?

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni utambulisho wa mgonjwa. Vyuo hulifundisha kwa saa moja, wakati linastahili muhula. Mama anafika dirishani leo anaandikwa Mariam, mwezi ujao Mariamu, na akipokelewa na mtu anayebadili r na l, Maliamu. Jina la pili safari hii ni la baba, safari ijayo ni la mume. Tarehe ya kuzaliwa haijulikani, basi mpokeaji anaweka 1 Januari ya mwaka wa kukisia, na baada ya miaka michache mfumo unajaa watu waliozaliwa Januari mosi. Namba ya simu ni ya shemeji. Namba ya NIDA (Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa ya Tanzania) yenye tarakimu 20 ingesaidia, lakini kwa muda mrefu imekuwa ikitolewa kwa mtu mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na watoto ndio sehemu kubwa ya wanaokuja. Matokeo yake mgonjwa mmoja anakuwa na mafaili matatu, na taarifa kwamba penisilini inamdhuru imo kwenye moja tu kati ya hayo.

Jifunze jinsi programu zinavyolinganisha majina yanayokaribiana, jinsi ya kuunganisha mafaili mawili na jinsi ya kuyatenganisha ikigundulika kuwa ni ya watu wawili tofauti. Hili la mwisho ndilo gumu, na kosa lake ni baya zaidi, maana damu ya mtu mmoja inaweza kusomwa kama ya mwingine. Jizoeze pia kumtafuta mgonjwa kabla ya kumsajili upya, na utafute kwa zaidi ya kigezo kimoja.

Saa nazo zina mtego ambao vitabu vya nje havitautaja kamwe. Mama anasema uchungu ulianza saa tisa. Ni saa 9:00 usiku au mchana? Na mfumo unataka 03:00 au 15:00? Mwandishi akiingiza 09:00 kwa kufuata alichokisikia, chati ya uchungu inaonyesha saa sita zaidi au sita pungufu, na uamuzi wa kumpeleka mama chumba cha upasuaji unategemea masaa hayo hayo. Andika mfululizo wa nyakati zetu na za mashine ukafanye mazoezi mpaka usihitaji kufikiria. Vipimo vya maabara viwe hivyo hivyo. Sukari ya 5.5 kwa milimoli kwa lita ni kama 99 kwa miligramu kwa desilita, kwa hiyo kisanduku kinachopokea namba bila kizio chake ni cha hatari, nawe uwe na ujasiri wa kukataa kukitengeneza.

Kuna asilimia. Utakutana na kata iliyochanja watoto kwa asilimia 118, na mtu atakuambia watumishi wamepika takwimu. Huenda ni kweli, lakini angalia kwanza namba ya chini ya hesabu, yaani idadi ya walengwa. Hiyo hutokana na makadirio yanayojengwa juu ya sensa. Ile ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, na kabla ya hapo makadirio yalisimama juu ya sensa ya mwaka 2012. Kata ya pembezoni mwa mji iliyojaa nyumba mpya ndani ya miaka hiyo kumi haiwezi kuwa na watoto wale wale waliokadiriwa. Tena akina mama wa kata jirani huja wenyewe wakisikia chanjo zipo. Mwanafunzi asiyejua hesabu hii atawakosea heshima watu wanaofanya kazi yao vizuri.

Kuhusu siri, soma sheria yenyewe, si muhtasari wa mwalimu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Lakini sheria huvunjwa kwa mambo madogo. Programu imegoma, unapiga picha ya skrini kwa simu, unairusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa ukiomba msaada. Juu ya ujumbe wa kosa linaonekana jina, kijiji, namba ya kliniki ya tiba na matunzo ya wanaoishi na VVU, na kiwango cha virusi. Hakuna namna ya kuirudisha picha hiyo, na huyo mtu anaweza kuwa jirani wa mmoja wa wanakundi. Jizoeze tangu sasa kulieleza tatizo kwa maneno, au kulirudia kwenye mfumo wa majaribio wenye wagonjwa wa kubuni. DHIS2 na OpenMRS (programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa) zote mbili zina mifumo ya aina hiyo, nayo haina malipo.

Umeme utakatika. Uliza mapema kituo hufanya nini wakati huo: aghalabu huandika kwenye kaunta buku, kisha mtu huingiza yote umeme ukirudi. Programu nyingi huweka saa ya kuingiza, si ya kuhudumia, kwa hiyo wagonjwa arobaini wanaonekana wametibiwa ndani ya dakika ishirini za jioni. Ukitaka kupima muda wa kusubiri kwenye foleni, lazima hilo ulijue. Nakala rudufu nayo usiihesabu kuwa ipo mpaka uirejeshe kwenye mashine nyingine na kuona inafunguka.

Upande wa teknolojia sitakawia, maana hapo ndipo wengi wako vizuri. Ijue SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kiasi cha kutafuta mafaili yaliyojirudia bila kubahatisha. Elewa FHIR, kanuni za kubadilishana taarifa za afya kati ya mifumo, inafanyaje mfumo wa maabara uzungumze na wa dawa, na LOINC, orodha ya kimataifa ya misimbo ya vipimo, inavyotaja vipimo. Soma pia historia ya Mosoriot, kituo cha afya karibu na Eldoret nchini Kenya, ambako mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa ulianza kutumika mwaka 2001 na uzoefu wake ukachangia kuzaliwa kwa OpenMRS. Utaona kuwa ulianzia kwenye foleni ya wagonjwa wa kawaida.

Siku ya kuripoti beba barua ya chuo, uombe kusaini kiapo cha siri hata kama hakuna aliyekutaka usaini, na umwombe mganga mfawidhi ukae siku mbili za mwanzo na muuguzi wa mapokezi kabla ya kukaa na watu wa mifumo. Omba akaunti yako mwenyewe, yenye ruhusa ndogo kadiri kazi inavyohitaji. Usitumie ya mtumishi hata akikupa nywila kwa moyo mweupe, kwani kila utakachogusa kitaandikwa kwa jina lake. Wiki ya mwisho andika ombi la akaunti hiyo kufungwa, mpe anayehusika, na uhakikishe mwenyewe kwamba haifunguki tena.