Kufundisha Maadili ya Uhandisi kwa Mita ya Umeme

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwalimu mwenzangu, ambaye wanafunzi wake walikariri kanuni za maadili kwa ajili ya mtihani tu.

Hatua ya kwanza: Wagawe katika makundi ya watu wanne kwa kura, kwa kuwa kazini mhandisi hachagui wenzake.

Hatua ya pili: Kila kundi lipewe chumba chenye mita yake, saa ya kupimia sekunde, daftari na kalamu ya wino. Kuandikia kwenye simu sikupendi, kwani tarakimu iliyofutwa haiachi alama, ilhali iliyokatwa kwa wino huendelea kusomeka.

Hatua ya tatu: Wapime matumizi ya umeme ya chumba chao na kuyaandikia ripoti. Hapa ndipo tulipopoteza alasiri nzima. Taa ndogo usoni mwa mita huwaka mara kadhaa kwa kila uniti, yaani kilowati-saa moja, na idadi hiyo imeandikwa kwenye mita yenyewe. Ikiwa ni 1000, gawanya 3600 kwa sekunde zinazopita tangu inapowaka hadi inapowaka tena, upate wati. Sekunde 36 ni wati 100. Ikiwa ni 1600, kinachogawanywa ni 2250, na sekunde zilezile 36 huwa wati 62.5. Kundi moja halikusoma maandishi hayo, likatumia 3600, na ripoti yake ikazidisha matumizi kwa asilimia 60. Jokofu nalo hupotosha, kwa sababu kompresa yake huwaka na kuzima. Penye jokofu, linganisha uniti za leo na za kesho saa ileile. Mtu asifungue mita wala kugusa lakiri yake.

Hatua ya nne: Rudisha ripoti yenye kosa bila kutaja kosa liko wapi. Katika kundi lile, mmoja alikuwa ameliona mapema akanyamaza, asije akawaaibisha wenzake waliokwisha kutia saini. Kila mmoja aandike peke yake alichokijua na alikijua lini, kisha wote wanne waandae sahihisho moja. Alama za kundi pekee humficha mvivu, na za mtu binafsi pekee humfanya kila mtu ashughulikie karatasi yake. Mimi hugawa nusu kwa nusu.

Hatua ya tano: Wasome mita chumba kinapofungwa jioni na kinapofunguliwa asubuhi, watafute kilichokula umeme usiku bila kazi, kisha wampelekee msimamizi wa jengo pendekezo ambalo kila mwanakundi anaweza kulitetea mbele ya fundi umeme.