Umeme wa chumba cha gemu: pima upepo kabla hujanunua mtambo wa mapanga

Chumba cha gemu kina bahati moja: matumizi yake hayabadiliki. Televisheni, mashine ya gemu, spika na taa mbili, siku nenda siku rudi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "weka mtambo wa upepo wa wati 400, utasahau giza", unaweza kumjibu kwa kalamu na karatasi. Msimamo wetu tuuweke wazi mapema: kwa sehemu kubwa ya Uganda, nunua sola. Upepo ni wa wachache, na hao nao wapime kwanza.

Anza na mzigo. Usitegemee kibandiko kilicho nyuma ya mashine, maana pale huandikwa kiwango cha juu kabisa. Chomeka kipimo cha wati kwenye soketi, vifaa vyote vipitie hapo, acha watu wacheze nusu saa, ndipo usome. Tuseme televisheni ya inchi 32 inakula wati 50, mashine ya gemu 90, spika 30. Jumla 170. Ukifungua saa nane mchana na kufunga saa nne usiku, hizo ni saa 8, yaani wati-saa 1,360. Taa mbili za LED za wati 9, kuanzia saa moja jioni, zinaongeza 54. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi) nayo ina fungu lake: gawa jumla kwa 0.85 na utapata kama 1,660. Andika 1,700 ujipe nafasi.

   

Sasa upepo

Nguvu iliyomo kwenye upepo haiongezeki sambamba na kasi. Inaongezeka kwa kasi mara kasi mara kasi. Upepo wa mita 6 kwa sekunde una nguvu mara 8 ya ule wa mita 3. Muuzaji anaishi kwenye pengo hilo.

Chukua ule mtambo wa wati 400 wenye mapanga yanayozunguka duara la kipenyo cha mita 1.2. Duara hilo ni mita za mraba 1.13. Wati 400 zilizoandikwa kwenye boksi ni za upepo wa mita 12 kwa sekunde, tena usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, kama kilo 1.05 kwa mita ya ujazo. Upepo ukiwa mita 3 kwa sekunde: nusu ya 1.05, mara 1.13, mara 27, ni wati 16 zilizomo kwenye upepo wenyewe. Mtambo mdogo hunasa kama asilimia 30 ya hizo. Unabaki na wati 5. Hata ukizifanya 10 kwa sababu upepo huja kwa vishindo, na hata mapanga yakizunguka saa 24 bila kupumzika, utavuna wati-saa 240. Wewe unahitaji 1,700.

Kwa nini basi majirani zetu Wakenya wamefanikiwa? Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, kuna mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, na upepo wa pale hupita katikati ya milima kana kwamba umefukuzwa. Hali ya hewa ya Mukono si hiyo. Ukiwa Karamoja, kwenye uwanda ulio wazi, una sababu ya kupima. Ukiwa bondeni Kabale, okoa hela yako. Kandokando ya Ziwa Victoria upepo wa alasiri hutia moyo, lakini usiku hali hubadilika, kwa hiyo pima na usiku pia.

Kupima si kazi kubwa. Simamisha mlingoti wa mita 10 palepale unapofikiria kuweka mtambo, funga kipima-upepo kidogo cha vikombe, kisha soma mara tatu kwa siku kwa siku 30: saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri, saa mbili usiku. Huna kipimo? Tazama miti. Majani yakichakachaka tu na upepo ukikugusa usoni, uko chini ya mita 3.4. Bendera nyepesi ikinyooka na vijiti vidogo vikitikisika bila kuacha, ni kati ya 3.4 na 5.4. Vumbi likiinuka na karatasi zikiruka, umefika 5.5 hadi 7.9. Wastani wako usipofika 5, achana nao.

Na ukifika 5, mtambo usiuweke juu ya mabati. Upepo unaopita juu ya paa umevurugika. Mapanga yatageuka huku na huko, beringi zitakufa mapema, na ukuta utanguruma usiku kucha. Mapanga yanatakiwa kuwa mita 9 juu ya kila kitu kilicho ndani ya mita 150. Jambo la pili ambalo wengi hulijifunza kwa hasara: mtambo unaozunguka usiuchomoe kwenye betri. Ukikosa mzigo, mapanga hukimbia kupita kiasi, volti hupanda na kontrola (kifaa kinachosimamia chaji ya betri) huungua. Unganisha nyaya zake tatu pamoja kwanza ili mtambo ufunge breki, na hakikisha kontrola ina mzigo wa kumwagia umeme betri ikijaa.

Sola, kwa vipimo

Mwanga wa kutosha hapa ni kama saa 5 kwa siku, tumia 4.5 kwa ajili ya miezi ya mvua. Toa asilimia 25 kwa joto, vumbi na nyaya. Hesabu: 1,700 gawa kwa 4.5, kisha gawa kwa 0.75, ni wati 504. Paneli moja ya wati 550 inatosha, au mbili za 275.

Dukani beba futi ya kupimia. Paneli nzuri ya siku hizi hutoa kama wati 200 kwa mita ya mraba, si zaidi ya hapo sana. Ukiuziwa "wati 300" yenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 67, hiyo haizidi wati 150, hata kibandiko kikiapa. Betri nazo zipime kwa mizani: lithiamu ya volti 25.6 na ampea-saa 100 huwa na uzito wa kilo 20 hadi 25. Ikiwa kilo 12, ndani kuna nusu ya ulicholipia.

Kosa linalokula hela nyingi kuliko yote ni kontrola. Paneli ya wati 550 hutoa kama ampea 13 kwa volti 42. Ukiiunganisha kwenye betri ya volti 12 kupitia kontrola ya PWM (aina ya bei rahisi, isiyoweza kubadilisha volti), zile volti za ziada zinapotea: ampea 13 mara volti 13 ni wati 169. Umelipa 550, unatumia 169, na utailaumu mvua. Nunua kontrola ya MPPT (aina inayogeuza volti za ziada kuwa ampea) ya ampea 30, mfumo wa volti 24, inayohimili volti 100 upande wa paneli.

Betri: lithiamu hiyo ya ampea-saa 100 ina wati-saa 2,560, na ukitumia asilimia 80 una 2,048, siku nzima ya kazi bila jua. Ukichagua za asidi, chukua mbili za ampea-saa 200 uziunge mfululizo, na usivuke nusu. Zikipumzika saa mbili bila mzigo, kila moja ikisoma volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.9 umeshaiumiza. Betri ya gari usiiguse; imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, na kuimaliza kila usiku ni kuiua ndani ya miezi. Kwa lithiamu, badilisha mpangilio wa kontrola: chaji volti 28.4, na zima ile chaji ya kusawazisha ya betri za asidi. Usipofanya hivyo betri itajikata yenyewe na chumba kitazimika ghafla katikati ya mchezo.

Kuunganisha

Betri kwa kontrola kwanza, paneli baadaye. Ukitoa, paneli ndiyo inatangulia. Kontrola husoma betri ili ijue iko kwenye volti ngapi. Inveta iwe ya wimbi safi, wati 1,000. Za wimbi bandia hufanya spika zinung'unike na adapta zipate moto. Kutoka betri hadi inveta tumia waya wa milimita za mraba 16, usiozidi mita 1.5, na fyuzi ya DC ya ampea 60 karibu kabisa na betri. Kutoka paneli, waya wa milimita za mraba 4 ukiwa hauzidi mita 15. Zaidi ya hapo weka 6.

Paneli ilale kwa nyuzi 10 hadi 15. Tuko kwenye ikweta, kwa hiyo ukielekeza kaskazini au kusini tofauti ni ndogo. Mteremko upo ili mvua ioshe vumbi. Kivuli ndicho adui: tawi moja la mwembe likifunika sehemu ya paneli, uzalishaji hushuka kuliko unavyodhani. Kata tawi kabla ya kuongeza paneli.

Ukiwa tayari una Yaka (umeme wa gridi wa kulipia kabla) na shida yako ni kukatika tu, chukua inveta mseto, inayopokea gridi, betri na paneli, na betri ileile, paneli zitafuata. Kazi ya nyaya za ndani mpe fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme Uganda.

Usiisahau radi, maana nchi hii inazo za kutosha. Piga fito la shaba la mita 1.5 ardhini, unga fremu ya paneli na ganda la inveta kwa waya wa milimita za mraba 10, na weka kizuizi cha radi cha DC kabla ya kontrola. Udongo ukikauka Januari, mwagia fito ndoo ya maji.