SOMO: Kufunga AC ya gesti au duka Malindi ili usiirudie mwakani

Hapakosi mwenye gesti wa Casuarina au mwenye duka wa Barani wa kuniuliza: "Fundi, AC yangu haibaridi, nijaze gesi?" Nishachoka kuandika jibu lile lile, kwa hivyo naliweka hapa lote. Somo ni la AC za ukutani zenye mashine ya nje. Hoteli kubwa zenye mitambo ya maji baridi zina somo lao.

1. Zuia jua kwanza. Dari, pazia, paa jeupe. Chumba cha makuti kilicho wazi juu usikifungie AC, tia pangaboi uokoe pesa zako.

2. Pima chumba. Mimi huanzia BTU 600 (BTU ni kipimo cha nguvu ya AC ya kupoza) kwa kila mita ya mraba, kisha naongeza kwa jua la alasiri, idadi ya watu na friji za biashara. Cha 4 kwa 4 huangukia kwenye 12,000.

3. Stima. Laini yake peke yake kutoka ubaoni, breka yake, waya wa athi unaofika ardhini kweli (si ule unaoishia nyuma ya soketi), na swichi ya kukatia kando ya mashine ya nje. Weka pia kilinzi cha volteji chenye kuchelewesha dakika 3 au zaidi. Stima ikikatika na kurudi papo hapo, kompresa, ile pampu ya gesi ndani ya mashine ya nje, hulazimika kuanza shinikizo likiwa bado juu.

4. Mashine ya nje. Usiielekeze baharini, upepo wa kusi huja na chumvi. Vyuma vya kuibeba viwe vya mabati au stenlesi. Acha nafasi nyuma ipumue.

5. Mabomba ya shaba. Kata, sugua makali, panua mdomo, tone la mafuta, kaza kwa spana ya kipimo.

6. Bomba la maji. Mteremko sentimita 1 kwa kila mita. Usiyamwage kichochoroni juu ya vichwa vya watu.

7. Nitrojeni, kisha vakyumu (kunyonya hewa yote mabombani). Hapa simameni. Mabomba yakishafungwa, jaza nitrojeni kavu, usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibati cha mashine. Paka povu la sabuni kila kiungo, uache. Mshale wa geji ya shinikizo ukitulia, toa nitrojeni, unganisha pampu ya vakyumu. Fundi mwenye haraka huyaruka yote haya: hufungua valvu kidogo, gesi ikaisukuma hewa nje, akasema tayari. Nami niliwahi kumfanyia hivyo mtu aliyekuwa akingoja wageni wa Krismasi, na kompresa iliungua kabla msimu haujaisha. Hewa ya huku imejaa unyevu, na unyevu ukikutana na gesi na mafuta ya kompresa huzaa asidi inayokula nyaya za ndani. Pampu haiyatoi maji yakiwa maji. Hushusha shinikizo mpaka yachemke bila moto: kwenye nyuzi 30 huchemka shinikizo likishuka hadi milimita 32 hivi za zebaki, na hewa ya kawaida ni 760. Nenda mpaka maikroni 500, yaani nusu milimita, kisha funga valvu utazame. Mshale ukipanda kidogo ukasimama, unyevu bado upo. Ukipanda bila kusimama, kuna tundu.

ONYO: Usijaribie mabomba kwa oksijeni ya mchomeleaji. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta hulipuka. Kompresa ya matairi nayo hujaza unyevu ule ule unaoukimbia. Na R32, mojawapo ya gesi za AC, hushika moto, kwa hivyo hakuna sigara, na madirisha yawe wazi.

8. Fungua valvu, washa, pima ampea.

MASWALI

GestiShela: Fundi, gesi huisha kila mwaka. Nijaze R410A au R32?

Jibu: Gesi ya AC haitumiki ikaisha, bwana. Inavuja. Tafuta tundu. Aina imeandikwa kwenye kibati, na hazichanganywi.

DukaLaSimu: Sijasoma yote, kufunga 18,000 ni bei gani?

Jibu: Soma yote.

Kibarua_Mambrui: Samahani fundi, najifunza. Kuna chumba cha 3 kwa 3 kimefungwa 24,000. Kinapoa mara moja lakini wageni walalamika shuka zina ubichi. Kwa nini?

Jibu: Swali zuri sana, mdogo wangu. AC hufanya kazi mbili: kushusha joto na kukausha hewa. Unyevu hunasa kwenye mapezi baridi ya ndani na kutiririka nje, lakini hilo lataka muda. Mashine kubwa mno hufikia nyuzi ulizoweka kwa dakika chache, ikazima kabla haijakausha. Mgeni hubaki na baridi ya majimaji, kuta nazo huota kuvu. Hapo 9,000 ingetosha. Kwa sasa jaribu kitufe cha kukausha, feni iwe ya chini.

Spana_Mkononi: Mimi miaka yote nasukuma hewa kwa gesi, sijarudishwa hata mara moja.

Jibu: Hurudishwi kwa sababu wanamwita fundi mwingine, na mara nyingi ni mimi. Tena kilo moja ya R410A ukiiachia hewani ni kama kuachia zaidi ya tani 2 za kaboni dayoksaidi. Ya mashine ya zamani inyonye kwenye mtungi.

MamaUdi: Hapo kwa kuta kuota kuvu umenigusa. Mimi huondoa ile harufu kwa kufukiza udi wageni hawajaingia. Yadhuru AC?

Jibu: Fukiza dada, lakini AC izimwe na madirisha yawe wazi. Moshi hunata kwenye filta na mapezi, na harufu ya kuvunda huzidi. Kubwa kuliko hilo: AC ya ukutani haileti hewa mpya, yazungusha ile ile. Makaa ya chetezo hutoa kaboni monoksaidi, nayo haina harufu. Usimwachie mgeni chetezo akafunga mlango akalala.

MamaUdi: Subhanallah, sikujua. Na mashine ya nje naiosha kwa maji ya kisima, sawa?

Jibu: Kisima chako kina chumvi?

MamaUdi: Kidogo.

Jibu: Basi unaongeza chumvi juu ya chumvi. Tumia maji ya mvua, au ya mfereji, kila mwezi, stima ikiwa imekatwa.

Kibarua_Mambrui: Na yale yanayotoka kwenye AC yenyewe, yafaa kutiwa kwenye betri za sola?

Jibu: La. Yamepita kwenye vumbi na mapezi, si maji ya betri. Mwagia maua, au jazia tangi la choo. Kinga ndoo utaona, kwa siku ya joto hayo si maji haba.