Namna ya kupima kelele za mashabiki filamu ya shujaa inapotangazwa

Habari ya kwanza ya filamu ya shujaa wa katuni huwa kijipande tu: jina la mwigizaji, picha moja ya vazi, sentensi mbili za hadithi. Kelele zinazoifuata huizidi habari yenyewe kwa mbali. Ukitaka kujua kama filamu inaelekea shimoni au watu wanapiga domo tu, ziache kelele kwanza. Tafuta habari imetoka wapi, kisha uliza kila lalamiko limeegemea nini. Malalamiko hayana uzito sawa, na yanayopigiwa kelele zaidi mara nyingi ndiyo mepesi kuliko yote.

Chanzo kwanza

Inayotangazwa na studio au na mwongozaji mwenyewe haina ubishi. Inafuata habari ya majarida ya tasnia, hasa Variety, The Hollywood Reporter na Deadline, yenye waandishi wanaoongea na mawakala na studio kila siku. Hapo soma kitenzi kabla ya jina. "Amesaini", "wako kwenye mazungumzo" na "anafikiriwa" ni hatua tatu tofauti, na watu hukesha wakitukanana juu ya hiyo ya tatu ilhali majina mengi yanayofikiriwa hayafiki popote.

Chini yao wapo wenye akaunti zisizo na jina wanaodai wana mtu wao ndani ya studio. Wapime kwa rekodi. Rudi kwenye posti zao za mwaka mzima, chukua madai kumi yaliyotaja tarehe au jina la mtu, uone mangapi yalitimia. Angalia pia kama wana tabia ya kufuta. Anayebashiri mambo kumi, kisha akafuta manane yaliyokosea, mgeni atamwona nabii.

Mwisho kabisa kuna mabango na trela za kupika, zilizotengenezwa kwa akili bandia au kuungwaungwa kutoka filamu za zamani. Swali la kuuliza ni kama upigaji picha umeshaanza. Kama bado, kinachoweza kuwepo ni nembo na tarehe, basi. Trela yenye mapigano na mazungumzo ya steringi ni ya uongo. Kama umeanza, nenda kwenye chaneli ya studio yenyewe. Usipoiona huko, simamisha video na ukazie macho nembo ya kifuani: katika kazi ya akili bandia huweza kubadilika umbo kutoka shoti moja hadi nyingine, na maandishi ya mabango ya barabarani huweza kuwa herufi zisizosomeka.

Malalamiko juu ya mwigizaji

Hapa ndipo zogo huwa kubwa zaidi, na hapa ndipo mashabiki wana rekodi mbovu kuliko kwingine kote. Michael Keaton alipotajwa kuwa Batman mwaka 1988, Warner Bros. ilimiminiwa barua za kupinga zinazotajwa kufikia 50,000. Walisema ni mchekeshaji na hana umbo la shujaa. Filamu ilitoka Juni 1989, ikaingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani. Heath Ledger alitangazwa kuwa Joker, adui wa Batman, mwaka 2006, akapondwa kwamba ni kijana wa filamu za mapenzi. Februari 2009 alitunukiwa Oscar kwa nafasi hiyohiyo, mwaka mmoja baada ya kufariki. Gal Gadot aliambiwa Desemba 2013 kwamba ni mwembamba mno kuwa Wonder Woman. Hugh Jackman anakaribia sentimita 190, wakati Wolverine wa vitabu vya katuni ana kama 160, na bado ni vigumu leo kumfikiria mtu mwingine na zile kucha.

Chanzo cha makosa haya ni kimoja: mashabiki huchukua sura ya mwigizaji kwenye kazi yake iliyovuma zaidi, wanaiweka kando ya mchoro, wanaona havifanani. Lakini misuli, nywele, lafudhi na namna ya kusimama ni kazi ya miezi ya maandalizi, na kimo hurekebishwa kwa viatu, kwa pembe ya kamera na kwa kuchagua nani asimame jirani. Kwa hiyo lalamiko la mwili lipe uzito mdogo. La umri liongezee kidogo ikiwa studio imeshatangaza kwamba inataka filamu tatu au nne, maana kati ya moja na nyingine hupita miaka miwili mitatu.

La kufanya ni hili: kabla hujatoa neno, tafuta kazi mbili za mwigizaji huyo ambazo wanaomponda hawazitaji. Mwaka uleule wa 1988 Keaton alikuwa ameonekana kwenye Clean and Sober akiigiza mtu aliyezama kwenye ulevi na dawa za kulevya, bila kichekesho cha maana. Ledger alikuwa ameteuliwa kuwania Oscar kwa Brokeback Mountain miezi michache tu kabla ya kutangazwa. Ushahidi ulikuwepo, ila haukuwa kwenye filamu ambazo kila mtu alikuwa anazitaja. Kama mhusika ni wa kunyamaza na kutisha, tafuta mahali mwigizaji alipowahi kunyamaza. Ukikosa kabisa, hapo lalamiko limeanza kuwa na miguu.

Na hata shaka inapotimia, mara nyingi inatimia kwingine. Ben Affleck alipotangazwa kuwa Batman Agosti 2013, maombi ya kumpinga yalikusanya makumi ya maelfu ya majina. Filamu, Batman v Superman, ilipotoka Machi 2016 ilichanwa kwelikweli, lakini kwa hadithi iliyojazwa mambo mengi kupita kiasi. Affleck mwenyewe alisifiwa na wengi.

Picha ya vazi

Tenganisha picha rasmi na picha iliyopigwa kwa mbali pembeni mwa seti. Ile ya seti ina mwanga wa jua la mchana ambao filamu haitauonyesha hivyo, rangi hazijasawazishwa, mikanda ya kumning'iniza mwigizaji haijafutwa, na mara nyingi aliyevaa ni yule anayeigiza hatari kwa niaba ya steringi. Ndiyo maana vazi likionekana limepwaya kiunoni, kwanza thibitisha ni nani yumo ndani. Ukitaka kuona umbali uliopo kati ya kitu kibichi na kilichoiva, kumbuka nakala isiyokamilika ya X-Men Origins: Wolverine iliyovuja mwaka 2009, karibu mwezi mmoja kabla ya filamu kutoka: kamba zilionekana na picha za kompyuta zilikuwa nusunusu.

Picha rasmi nayo imechaguliwa kwa makusudi, kwa hiyo isome kama tangazo. Mei 2024 James Gunn alitoa picha ya kwanza ya Superman wake: David Corenswet ameketi, anavuta buti jekundu mguuni, amechoka, na nje ya dirisha mji unashambuliwa. Watu walihesabu mikunjo ya kitambaa. Walichokipita ni kwamba picha ilikuwa inatangaza tabia: huyu ni shujaa anayevaa buti kama mtu mwingine yeyote, hata mji ukiwaka. Filamu ilipotoka Julai 2025 ndivyo ilivyokuwa.

Kuna wakati vazi linastahili wasiwasi, nao ni pale linapofichua kwamba watengenezaji hawakitaki kitabu. Picha za Halle Berry akiwa Catwoman kwenye ngozi iliyochanwachanwa zilichekwa kabla ya filamu ya 2004. Ukichimba ungegundua kwamba hata mhusika hakuwa Selina Kyle wa vitabuni. Alipewa jina jipya na asili mpya. Vazi lilikuwa dalili, ugonjwa ulikuwa kwenye hadithi, na filamu ilianguka. Green Lantern ya 2011 ilikuwa na shida nyingine: vazi lote lilichorwa na kompyuta, na mashabiki waliolalamika mapema kwamba halikai mwilini waliona sawa. Tofauti ni kwamba mkunjo wa kitambaa unarekebishika kwa sindano, lakini uamuzi wa kuchora vazi lote ni wa bajeti na haugeuzwi kirahisi.

Trela

Trela ni mahali pa kudanganywa kwa hiari. Kwenye trela ya Avengers: Infinity War Hulk anakimbia na wenzake vitani Wakanda, kwenye filamu shoti hiyo haipo. Kwenye trela ya Spider-Man: No Way Home ya Novemba 2021, iliyotolewa Brazil, adui aitwaye Lizard anageuzwa kichwa ghafla kana kwamba amepigwa ngumi na hewa. Mashabiki waliitazama fremu kwa fremu, wakasema kuna mtu amefutwa hapo. Walikuwa sahihi: walikuwepo Spider-Man wengine.

Kwa hiyo mashabiki wakisema "kuna kitu kimefichwa", wasikilize. Macho yao ni makali kuliko ya wachambuzi wengi. Wakisema "hadithi nzima nimeshaijua", punguza nusu, kwa kuwa mpangilio wa shoti kwenye trela haufuati mpangilio wa filamu. Na wakilalamikia picha za kompyuta, angalia imebaki miezi mingapi. Miezi sita au zaidi, kazi bado inaendelea. Wiki sita, unachokiona ndicho utakachokilipia.

Yasiyopigiwa kelele

Habari nzito huwa kavu, hazina picha, na hazipati hata robo ya mijadala. Mwongozaji kuondoka katikati ya kazi. Mwandishi wa nne kuitwa. Tarehe kusogezwa mara mbili. Kurudi kupiga picha za nyongeza peke yake si balaa, kwani filamu kubwa hupangiwa siku hizo tangu mwanzo. Balaa ni pale anayezisimamia anapokuwa mtu mwingine. Justice League ya 2017 ilipita huko, na alama ikabaki usoni pa Superman: Henry Cavill alikuwa na masharubu ya filamu nyingine, yakafutwa kwa kompyuta, mdomo wa juu ukaonekana kama wa nta. Kwenye Fantastic Four ya 2015 utaziona shoti za nyongeza kwa wigi la mwigizaji Kate Mara. Dalili ya mwisho ni zuio la hakiki. Wahakiki wakiruhusiwa kuandika wiki moja au mbili mapema, studio ina imani. Wakiruhusiwa siku moja kabla, haina.

Kuhesabu vichwa

Usihesabu posti, hesabu hoja. Chukua maoni hamsini, yagawe kwa hoja, utakuta yamebaki matano au sita. Mengine ni mwangwi. Yanayorudia sentensi ileile neno kwa neno, kutoka akaunti zilizofunguliwa wiki hiyo, yatupe. Alama za nyota zilizotolewa kabla ya filamu kuonyeshwa nazo hazina maana. Rotten Tomatoes iliondoa sehemu ya maoni ya kabla ya kutoka mnamo Februari 2019, Captain Marvel ilipokuwa inashambuliwa na watu ambao hawajaiona. Ilipotoka ikavuka dola bilioni moja.

Kisha subiri wiki mbili, uangalie tena. Hasira ya mwigizaji hupoa au hugeuka kichekesho. Hoja ya hadithi ikiwa bado inazungumzwa baada ya wiki mbili, ina kitu.

Ukitaka lalamiko lako lifanye kazi

Linalosikilizwa lina sifa mbili: linataja kitu kimoja, na kitu hicho bado kinaweza kubadilika. Mfano ulio wazi kabisa si wa shujaa wa katuni, ni wa filamu ya Sonic, mhusika wa michezo ya video. Trela ilitoka mwisho wa Aprili 2019. Watu wakasema meno ni ya binadamu, macho ni madogo na yametengana. Siku chache baadaye mwongozaji alikubali, na filamu ikasogezwa kutoka Novemba hadi Februari 2020. Iliwezekana kwa sababu Sonic ni wa kompyuta, kwa hiyo hakuna mwigizaji aliyelazimika kurudi seti kwa ajili ya sura yake.

Andika hivyohivyo: shoti gani, dakika na sekunde gani, nini hakikai sawa, na kitabuni kikoje. Usimwelekezee mwigizaji, hana mamlaka nayo. Lalamiko la nembo, rangi au picha za kompyuta litoe ndani ya siku chache baada ya trela ya kwanza. La hadithi litoe kabla upigaji picha haujaanza, maana baada ya hapo kulibadilisha ni gharama ya mamilioni na wengi hawataithubutu. Zikibaki wiki mbili filamu itoke, kinachobadilika ni matangazo tu. La wakati huo mwandikie mtazamaji mwenzako anayejiuliza akate tiketi au asubiri.