Uji wa lishe ukimletea mtoto vipele: namna ya kumtafuta mchawi

Mimi ni afisa lishe. Mama akija na mtoto wa miezi minane mwenye vipele, mara nyingi anakuja pia na kopo la unga wa lishe: mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya, karanga, ufuta. Tatizo ni kipi humo? Mama hajui, na mimi sijui.

Hatua ya 1: weka kopo kando. Mtoto aendelee kunyonya, ale viazi, ndizi za kuponda, wali laini na mboga. Uji uwe wa nafaka moja, na uisage nyumbani kwa blenda. Mashine ya mtaani iliyotoka kusaga karanga hubakiza vumbi lake.

Hatua ya 2: fungua daftari. Andika alichokula, saa, na kilichotokea. Mzio (aleji, yaani mwili kukikataa chakula) wa ghafla hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa 2. Ule wa polepole, kama ukurutu au kuharisha damu, huweza kuchukua siku kadhaa. Waulize na bibi, dada wa kazi, jirani: huenda walimwonjesha kitu. Kuna kipande cha kashata kilichonihangaisha wiki tatu nzima!

Hatua ya 3: rudisha kimoja kimoja. Vipele vikiisha, anza na ncha ya kijiko, asubuhi, mtoto akiwa mzima. Kaa siku 3 kabla ya kingine. Lakini chakula kilichowahi kumvimbisha midomo au ulimi, kumbana kifua, kumtapisha mfululizo au kumlegeza, usikijaribu nyumbani kabisa. Hicho ni cha hospitali. Dalili hizo zikitokea, mkimbize. Anahitaji sindano ya adrenalini, na dawa ya mzio ya maji si mbadala wake.

Hatua ya 4: ziba pengo. Karanga zikitoka, weka maharage yaliyopondwa na parachichi. Mayai yakitoka, maini au kuku. Maziwa ya ng'ombe ndiyo yanayosumbua, maana kila mtu atakushauri ya mbuzi. Protini zake zinafanana mno, mzio utabaki palepale. Kama ananyonya na bado anapata dalili, huenda wewe mama ndiye utakayeacha maziwa kwa muda. Tuongee kwanza, usije ukakosa kalsiamu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao husaidia.

Wengi wenye mzio wa maziwa na mayai hupona wakikua, kwa hiyo tunapima tena kliniki baada ya miezi 6 hadi 12. Uje na daftari.