Poka: Hesabu Mtaji Kabla Hujazipenda Karata Zako

Jumapili jioni huwa tunakaa barazani, Kinondoni, watu watano au sita, tunafundishana Texas Hold'em, poka ambayo kila mtu ana karata mbili zake na tano za wote hufunguliwa mezani. Chipu zetu ni za plastiki na hazibadilishwi kwa fedha. Anayetaka kucheza kwa fedha aende kasino yenye leseni, na awe ametimiza miaka 18. Swali ninaloulizwa karibu kila wiki ni hili: "Kaka, nimepata tano mbili, nifuate au nitupe?" Kufuata ni kutoa dau sawa na la aliyeongeza, kutupa ni kuziacha karata. Nami huuliza: aliyeongeza dau amebakiwa na ngapi?

Karata za kubahatisha ninazozungumzia ni jozi ndogo (2-2 mpaka 6-6), karata mbili za aina moja zinazofuatana, mfano 7 na 8 za kopa, na ree akiwa na karata ndogo ya aina yake. Peke yake hazina nguvu, zinasubiri meza iziunge mkono, na mara nyingi meza inazinyima. Siku zikikubali, lazima zirudishe hasara ya siku zote zilizokataa. Chipu hizo zinatoka kwenye mtaji wa mwenzako, yaani chipu alizonazo mezani. Kama hana, atakulipa nani?

Hatua ya 1: Tafuta mtaji mdogo kati yenu

Una 100,000, mwenzako ana 22,000. Basi nyinyi wawili mnacheza mchezo wa 22,000, hizo 78,000 zako nyingine hazina kazi mbele yake. Gawa mtaji huo mdogo kwa blaindi kubwa, yaani lile dau la lazima la kabla ya kuona karata. Blaindi ikiwa 1,000, mtaji wenu ni blaindi 22.

Usikadirie kwa macho. Kuna siku nilitupa 4-4 kwa sababu jamaa aliyekaa mkabala nami alionekana kabakiwa na vimnara viwili vya chipu za 500. Aliposogeza chupa yake ya soda, nyuma yake kulikuwa na chipu tano za 10,000. Chipu kubwa zinatakiwa zikae mbele, zionekane. Siku hizi nauliza waziwazi, "Ndugu yangu, umebakiwa na ngapi?", na nasubiri zihesabiwe.

Hatua ya 2: Jozi ndogo, fanya hesabu yenyewe

Ukiwa na jozi, uwezekano wa kupata ya tatu kwenye flopu, zile karata tatu za kwanza mezani, ni asilimia 11.8. Ni kama mara moja katika kila mara nane na nusu.

Tuseme blaindi ndogo ni 500 na kubwa ni 1,000. Mtu anaongeza mpaka 3,000, wewe uko nafasi ya mwisho na 5-5, na wenye blaindi wametupa. Kwenye poti, lile rundo la madau yaliyokwisha kuwekwa, kuna 4,500, na wewe unatakiwa utoe 3,000. Ukikosa mara saba na nusu, umepoteza 22,500. Hiyo mara moja unayopata, poti inakupa 4,500 zilizokuwamo, kwa hiyo zile 18,000 nyingine lazima uzitoe kwake baada ya flopu, ndipo uwe umerudisha tu gharama.

Na hazitoki zote kila mara. Huenda naye hajapata kitu, akatupa mara tu ukiweka dau. Siku nyingine utapata tano zako tatu na bado akushinde. Ndiyo maana mimi nataka mtaji mdogo uwe angalau mara 15 ya ninachotoa kufuata, na nikiwa na raha zaidi, mara 20. Kwa 3,000 hiyo ni 45,000 mpaka 60,000. Akiwa na 20,000, natupa 5-5 bila kusikitika.

Hatua ya 3: Zinazofuatana zinataka mtaji mrefu zaidi

Kijana akiona 7 na 8 za kopa anaona flashi, yaani karata tano za aina moja, tayari. Flashi kamili kwenye flopu haifiki hata mara moja katika mia. Utakachopata, takriban asilimia 11 ya safari, ni kopa nne zinazosubiri ya tano. Kuanzia hapo mpaka karata ya mwisho ya meza, itakuja karibu asilimia 35, na njiani utadaiwa dau tena. Mimi sizifuati chini ya blaindi 100, na nataka niwe nazungumza wa mwisho, nimeshaona wenzangu wamefanya nini.

Hatua ya 4: Tazama waliobaki nyuma yako

Nyuma yako, yaani kwa wanaocheza baada yako, kuna mwenye blaindi 12 ambaye hajacheza? Huyo anaweza kusukuma zote, yaani kuweka dau chipu zake zote kwa mpigo, wakati wowote, na 3,000 zako zikaondoka bila hata kuona flopu. Hapo kufuata ni ghali kuliko inavyoonekana.

Hatua ya 5: Mtaji ukiwa mfupi sana, au mrefu sana

Chini ya blaindi 15, kufuata ili kuona flopu kumekwisha. Jozi ndogo inakuwa karata ya kusukuma zote au kutupa: 5-5 dhidi ya ree na mfalme inashinda zaidi kidogo ya nusu. 7 na 8 zinashuka thamani kabisa.

Ukifika blaindi 200, hatari inageuka. Flashi ya 8 ikipambana na flashi ya ree, mtaji wote unaondoka. Hapa ree wa aina moja ndiye ninayempenda, kwa sababu flashi yake huwa haina mkubwa wake.

Hatua ya 6: Jaribu nyumbani

Toa 5-5 kwenye pakiti, changa zilizobaki, fungua tatu. Rudia mara 50, na kila mara andika kwenye daftari kama tano imekuja. Tegemea kama mara sita. Kisha mbele ya kila mstari wa kukosa andika 3,000, na ujumlishe.